Sigara ya Saa Tisa Usiku

Nilijifunza kuvuta sigara lindoni. Ilikuwa mwaka 1998, nikiwa konstebo mpya, na mkubwa wangu wa zamu alinikuta nasinzia nimeegemea ukuta wa benki tuliyokuwa tukiilinda. Hakunigombeza. Alitoa sigara moja, akaiwasha, akanipa. "Vuta hii," alisema, "usingizi utakukimbia wenyewe." Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, lakini alisema kweli. Usingizi ulikimbia. Tangu usiku ule, kwa miaka 22, sigara ilikuwa dawa yangu ya kukesha. Sikuwahi kujiuliza kama inamkesheza mtu mwingine.

Tuliishi katika yunipoti. Aliyekulia kambi za polisi za Uganda hahitaji kuelezwa, lakini msomaji wa Mombasa au Tabora huenda hajaiona. Ni kibanda cha duara cha mabati, mlango mmoja, vidirisha vidogo, kiasi cha kumtosha askari mmoja asiye na familia. Mchana bati linawaka kama kikaango. Usiku wa manane linapoa mpaka linatoka jasho. Sisi tulikuwa watu sita humo. Pazia la kitenge liligawa chumba: upande wa ndani kitanda changu na mama watoto, upande wa mlangoni magodoro ya watoto wanne, ambayo asubuhi yalikunjwa na kupandishwa juu ya kitanda chetu ili tupate pa kukanyaga. Godoro la binti yangu mkubwa lilikuwa la kwanza kutoka mlangoni, kwa sababu ndiye aliyewahi kuamka kuliko wote kwenda shule.

Sitamtaja jina. Ni mtu mzima sasa, na kabla sijaandika haya nilimweleza ninachotaka kusema. Alinijibu niandike yote, hata ile siku ya fimbo.

Zamu yangu ya usiku ilikuwa ikiniachia karibu saa tisa. Nikifika nyumbani sikulala moja kwa moja. Nilivua viatu, nikakaa kwenye kigoda kizingitini, mlango nusu wazi, nikavuta sigara mbili, wakati mwingine tatu, mpaka mwili ukubali kwamba kazi imeisha. Mvua ikinyesha niliurudisha mlango ukabaki ufa tu, nikapulizia moshi kwenye ule ufa. Nilijiona baba mwenye adabu. Nilikuwa nawajua wenzangu waliovuta wamelala kitandani huku mtoto mchanga akinyonya pembeni. Mimi nilikuwa navutia "nje".

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa S.3, yaani kidato cha tatu, umri miaka 15. Katikati ya muhula wa pili mwalimu wake wa darasa alinipigia simu. Mtoto analala darasani, akasema. Si kusinzia tu: analaza kichwa juu ya dawati kipindi cha pili, anatoka udenda, wenzake wanamcheka. Hesabu zimemshuka. Kisha akashusha sauti akaniuliza, kwa adabu ya mtu anayejua anagusa moto, kama nyumbani kuna usalama na kama binti hatoki usiku.

Ni swali ambalo askari hulisikia vibaya. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kumhukumu. Mama yake alimpeleka kupimwa mimba, kimya kimya, hata mimi sikuambiwa mpaka baadaye. Hakuwa nayo. Akapimwa malaria, hakuwa nayo. Basi tukaamua kwamba ni simu. Mama watoto alikuwa na simu moja ndogo ya kubofya, na binti alikuwa akiitumia kuamkia kengele ya asubuhi. Nikamnyang'anya. Haikubadilisha kitu. Usiku mmoja nilirudi saa tisa nikamkuta macho wazi, amekaa kwenye godoro gizani, mgongo kwenye bati. Nikamuuliza anamngoja nani. Akasema hamngoji mtu, usingizi umemkataa. Nilichukua hilo kuwa jeuri. Asubuhi yake nilimchapa mbele ya wadogo zake.

Sasa hivi nikikumbuka, kila dalili ilikuwa mbele yangu. Alichukua muda mrefu kupata usingizi; mama yake alimsikia akigeukageuka. Akilala alikoroma, binti mwembamba wa miaka 15 anakoroma kama mzee, na mara nyingine mkoromo ulikatika, kimya kikapita, kisha akashtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu. Aliamka mdomo mkavu na kichwa kikimuuma. Alikuwa na kikohozi kidogo kisichoisha, tukakiita mafua ya bati. Jumapili alilala mpaka saa sita mchana, na sisi tukamwita mvivu.

Likizo ya Desemba mwaka ule alikwenda Tororo kwa bibi yake, mama wa mke wangu. Wiki ya pili bibi akapiga simu. "Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mkwewe, "huyu mtoto mlikuwa mnamlaza wapi? Hapa anaanguka kitandani baada ya chakula, jogoo anawika mpaka anachoka, yeye bado. Nilimwendea usiku kuhakikisha anapumua." Sote tulicheka. Tukasema ni hewa ya kijijini. Bibi anapika kwa kuni, lakini jiko lake ni kibanda cha peke yake upande wa pili wa uwanja, na usiku moto umekwisha kuzimwa. Katika nyumba ile hakuna anayevuta. Hewa ya kijijini! Tulilitamka jibu kwa midomo yetu wenyewe, tukalipita.

Machi 2020 korona ikafunga nchi. Shule zilifungwa, magari ya abiria yakasimamishwa, na kafyu ikawekwa kuanzia saa moja jioni. Mimi ndiye niliyekuwa barabarani kuisimamia, nikisimamisha watu usiku kucha, nikirudi nimejaa hasira na hofu ya ugonjwa. Sigara ziliongezeka. Kutoka tano kwa siku zikafika kumi na tano. Na sasa sikuvuta saa tisa tu; nilivuta mchana pia, watoto wote wakiwa ndani kwa kuwa hapakuwa na pa kuwapeleka. Duka la karibu liliniuzia moja moja, na aliyetumwa kwenda kuzileta alikuwa mdogo wa binti yangu, wa miaka 12, kama ambavyo kabla yake alikuwa ni binti mwenyewe.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma kuliko fimbo. Uganda ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016. Nilihudhuria mafunzo yake. Inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, kazini na ndani ya vyombo vya abiria, na mita 50 kutoka hapo. Imepiga marufuku shisha. Inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuuza sigara moja moja. Nimeshiriki misako ya shisha katika baa za Kampala, nimebeba mitungi yake kwa mikono yangu kuipakia garini. Kisha narudi nyumbani, namtuma mtoto wa miaka 12 akanunue kile ambacho sheria ninayoilinda inamkataza muuzaji kumpa, nakivutia kwenye chumba cha watoto. Hakuna sheria inayoingia ndani ya yunipoti kumwangalia sajini.

Oktoba 2020 serikali ilirudisha shuleni madarasa ya mitihani, na binti yangu alikuwa S.4. Shule ilikuwa makini na kikohozi kuliko kitu chochote, kwa hiyo kikohozi chake kilimrudisha nyumbani siku ya pili. Nikampeleka kituo cha afya. Majibu ya korona yalipotoka safi, musawo (ndivyo tunavyowaita hapa, awe daktari au nesi) hakutuachia twende. Alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Alimuuliza binti maswali mengi kuhusu usingizi wake: analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, anakoroma? Binti alijibu kila moja. Nilishangaa jinsi alivyokuwa na majibu tayari, kama mtu aliyengoja mwaka mzima aulizwe.

Kisha musawo akanigeukia. "Afande, nyumbani nani anavuta sigara?"

"Mimi," nikasema. "Lakini natoka nje."

"Nje wapi?"

"Mlangoni."

Akaandika. "Na huyu analala wapi?"

Sikujibu. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake vya shule. Akasema polepole, "Mlangoni."

Musawo aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Ukiwa lindoni, afande, sigara unavuta ya nini?"

"Nisilale."

"Basi na huyu umekuwa ukimpanga lindo kila usiku."

Nimekuwa askari muda mrefu, nimesomewa mashtaka na wakubwa mbalimbali, lakini sijawahi kusomewa kwa maneno machache namna ile.

Akatueleza, na mengine niliyasoma mwenyewe baadaye, kwa hiyo nitayaweka pamoja. Nikotini ni kichangamshi. Inaamsha ubongo, inaharakisha mapigo ya moyo. Haijali kama umeivuta kwa mdomo wako au umeivuta na hewa ya chumba ukiwa umelala. Anayevuta moshi wa mwenzake anapata kiasi kidogo, ndiyo, lakini kinaingia damuni. Ndiyo maana maabara zinaweza kupima mkojo au mate ya mtoto asiyevuta na kukuta kotinini, yaani kile ambacho nikotini hugeuka ikishapita mwilini. Nikotini yenyewe hupungua nusu kwa muda wa saa 2 hivi. Kotinini hukaa zaidi, saa 16 au zaidi kabla haijapungua nusu. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba mwili wa mtoto wangu katika miezi ya kafyu haukuwahi kupata siku moja safi.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni ya pumzi. Moshi unawasha na kuvimbisha ngozi laini ya ndani ya pua na koo, na tezi zilizo nyuma huko zinavimba pia. Njia ya hewa inakuwa nyembamba. Usingizi unapozidi, misuli ya koo inalegea, njia inazidi kubana, mtu anakoroma, na wakati mwingine pumzi inasimama kidogo mpaka ubongo umshtue apumue. Asubuhi hakumbuki lolote. Anajua tu kwamba amechoka. Ule ukimya katikati ya mkoromo ambao mama yake alikuwa akiusikia, kumbe ndio huo.

Na kuna la tatu, ambalo si la sigara, ila lilifanya la sigara kuwa baya zaidi. Musawo alisema kijana wa umri ule anahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi, na saa ya mwili wake imesogea mbele. Homoni inayoita usingizi, melatonini, hutoka kwa kuchelewa kuliko ilivyokuwa utotoni. Kwa hiyo kijana asiyesikia usingizi saa tatu usiku si mkaidi. Sasa tazama ratiba ya mtahiniwa wa S.4 hapa kwetu: anasoma mpaka saa nne na nusu, analala saa tano akibahatika, anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi kipindi cha kujisomea. Hizo ni saa 6. Katikati yake, saa tisa, baba anarudi na sigara. Akiamshwa saa tisa na kurudiwa na usingizi saa kumi na nusu, kimebaki nini?

Nitaongeza neno hapa kwa haki. Sisemi kila kijana asiyelala ana mvutaji nyumbani. Wako wanaokosa usingizi kwa simu, kwa njaa, kwa mawazo, kwa mambo wanayotendewa ambayo hawawezi kuyasema. Yule mwalimu hakukosea kuuliza kama nyumbani kuna usalama. Mimi ndiye niliyelisikia swali lake kama tusi, nikamtafuta mkosaji kwenye godoro badala ya kizingitini.

Nilitetea mlango wangu kidogo. Nikamwambia musawo moshi unatoka, naupulizia nje mimi mwenyewe. Akaniuliza, "Usiku ndani kuna joto au baridi kuliko nje?" Joto, nikasema, tuko sita. Akanieleza kwamba hewa ya joto inapanda na kutokea juu, dirishani, na hewa ya baridi inaingilia chini mlangoni kujaza nafasi yake. "Ukikaa kizingitini, moshi wako unapita kwenye njia hiyo hiyo kuingia." Usiku ule nilifanya jaribio. Niliwasha mshumaa, nikauweka sakafuni kizingitini mlango ukiwa nusu wazi. Ulimi wa moto uliinama kuelekea ndani. Kuelekea godoro la kwanza.

Sikulala. Nilitoa pakiti mfukoni, nikaitupa kwenye shimo la choo.

Nilidhani hilo ndilo gumu. Siku ya pili mikono ilitetemeka, nikawa mkali kwa kila mtu. Siku ya nne ndiyo iliyonifundisha. Nilirudi kutoka zamu nimechoka mpaka mifupa, nikajinyoosha, nikafumba macho, na usingizi ukagoma. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Jasho. Moyo unakimbia. Ikapita saa moja, ikapita ya pili, kelele ya kila mbu naisikia. Mvutaji anayeacha hukosa usingizi wiki za mwanzo, mwili unadai ulichozoea. Nikiwa vile, nimekaa mgongo kwenye bati gizani, nikakumbuka nilivyomkuta binti yangu amekaa vile vile, na jinsi nilivyomuuliza anamngoja nani.

Katika usiku wa namna hiyo ndipo nilipoanza kusoma kwenye simu, mwangaza nimeufunika kwa shuka. Nikasoma kwamba mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta, akaonyesha kwamba walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wengine. Nikamtazama mama watoto amelala. Nikasoma kwamba mwaka 2006 mganga mkuu wa Marekani alitoa ripoti iliyosema hakuna kiasi cha moshi wa sigara ya mwingine kisicho na madhara, na kwamba kufungua madirisha au kutenga sehemu ya wavutaji ndani ya nyumba hakutoshi. Nikasoma kwamba moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu wasiovuta wanaouawa na moshi huo, kwa mwaka mmoja tu, kuwa zaidi ya milioni moja. Na nikakuta utafiti wa Cincinnati, Marekani, wa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto wenye pumu wanaoishi na wavutaji: kadiri moshi ulivyozidi mwilini mwao, ndivyo walivyochelewa kupata usingizi, ndivyo pumzi ilivyowasumbua usiku, na ndivyo walivyosinzia mchana. Udenda juu ya dawati. Ilikuwa imeandikwa miaka 9 kabla ya ile simu ya mwalimu.

Wiki mbili zikapita bila sigara, lakini mtoto alikuwa bado anakohoa usiku. Mama watoto ndiye aliyesema, "Chumba chenyewe kimevuta miaka kumi." Jumamosi tukatoa kila kitu nje: magodoro juani, pazia la kitenge kwenye beseni, nguo zote. Kisha tukaosha bati kwa ndani, kwa maji moto na sabuni ya kufulia. Nilipanda juu ya kiti nikaanza karibu na mlango. Kitambaa cheupe kilishuka na rangi ya chai. Nikakisuuza, nikarudia, chai tena. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto walisimama wakiangalia maji yanavyobadilika, na hakuna aliyesema neno. Mdogo wa mwisho akauliza kama ni kutu. Bati lile halikuwa na kutu.

Baada ya hapo kikohozi kilipungua. Lakini sio mkoromo wote, na tulijua kwa nini. Yunipoti za kambi zimepangana hatua chache, na jirani yetu wa upande wa dirisha, mkubwa wangu kwa cheo na kwa umri, alikuwa akivuta chini ya dirisha letu kila jioni. Kumwendea mkubwa na kumwambia moshi wako unaingia kwangu si jambo dogo katika kambi. Nilikaa nalo siku tano. Siku ya sita nilimkuta anapiga viatu rangi.

"Jambo, afande."

"Jambo, Sajini. Kuna nini?"

"Salama tu, afande. Nina ombi, si la kazi. Ni la nyumbani."

Akaninyoshea kigoda. Sikuanza na yeye. Nilianza na mimi: simu ya mwalimu, fimbo, musawo, mshumaa, ndoo za chai. Alisikiliza huku brashi ikipungua mwendo. Nilipomaliza alinyamaza muda, nikawa najilaumu kwa kuja. Kisha akasema, "Wangu wa mwisho anakoroma. Tumekuwa tukisema ni nyama za pua." Hakuahidi chochote. Kesho yake jioni nilitazama dirishani, kigoda chake hakikuwepo. Alikuwa amekihamishia chini ya mwembe, kule karibu na uzio, mbali na nyumba zote. Taratibu wavutaji wengine wa mstari wetu wakahamia huko. Hakuna mkutano ulioitishwa wala tangazo lililobandikwa.

Mwembe ule ndio ulioniangusha, lazima nikiri. Januari 2021, siku za uchaguzi, tulikaa kazini saa nyingi mno, na usiku mmoja nilipita pale nikapewa moja, nikavuta. Nikavuta na ya pili. Niliporudi sikuingia ndani. Nilikumbuka kwamba moshi huja na mtu kwenye nguo na nywele, basi nilivua shati, nikaoga bafuni kwa maji baridi saa tisa na nusu usiku, nikakaa kwenye kizingiti natetemeka. Binti yangu akaamka, akafungua mlango kidogo. Alinusa. Alijua. Niliona uso wake na nikangoja aseme. Akarudi ndani, akaniletea shuka.

Hapo ndipo nilipomwomba msamaha. Kabla yake nilikuwa nimeacha sigara, nimeosha bati, nimezungumza na jirani, nimefanya kila kitu isipokuwa hilo. Baba wa kizazi changu anajua kununua kiatu kipya au kuleta nyama nyumbani ili mtoto aelewe. Kutamka ni kazi nyingine. Nilisema, "Ile fimbo ilikuwa ya kwangu mimi, si yako." Hakunijibu neno la msamaha, na sikumdai. Aliniuliza, "Baba, na wewe usiku unakosa usingizi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuwa nahesabu mabati. Nikifika mwisho naanza tena."

Mtihani wa S.4 wa mwaka 2020 ulisogezwa kwa sababu ya korona, ukafanyika kuanzia Machi 2021. Usiku wa kuamkia karatasi ya hesabu nilitoka zamu saa tisa kama kawaida. Nilivua viatu mbali, nikaja kwa soksi. Niliufungua mlango polepole, maana bawaba zake zinalia, nikaingia, nikaruka godoro la kwanza. Nikasimama gizani nikisikiliza. Pumzi yake ilikuwa inaingia na kutoka, nzito, ya mtu aliye mbali sana. Nilingoja ule ukimya wa katikati. Nikangoja tena.

Mama watoto akanong'ona kutoka nyuma ya pazia, "Umesimama kufanya nini?"

"Namsikiliza."

"Njoo ulale. Utamwamsha."